Presha ya macho na presha ya damu: zinakutana wapi?

Ukiwa sokoni Mwanga, mjini Kigoma, ukasema "nina presha", kila mtu atajua unaongelea presha ya damu. Ukisema "presha ya macho", wengi watadhani ni ile ile, imepanda mpaka machoni. Sivyo. Ni magonjwa mawili tofauti. Lakini yana mahali yanapokutana: kwenye mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho.

Kama wewe au mzazi wako mnatumia dawa za presha, soma hadi mwisho.

Presha ya macho ni nini?

Wataalamu wanaiita glakoma. Ndani ya jicho kuna maji (siyo machozi) yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Njia ya kutokea ikiziba, maji yanajaa na msukumo unapanda. Kawaida msukumo huo huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Ukizidi, unaumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Nyuzi za mshipa huo zikifa, hazioti tena.

Ubaya wake, aina iliyozoeleka haiumi. Inaanza kula pembeni, katikati unaona vizuri tu. Unashtukia bajaji imeshafika ubavuni, au unajikwaa kwenye ngazi unayoipanda kila siku, unasema ni uzee.

Na siyo ugonjwa wa nadra. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulipima watu 3,268 wenye miaka 40 na kuendelea. Zaidi ya asilimia 4 walikuwa na glakoma, yaani karibu mtu mmoja kati ya 24.

Damu inahusikaje?

Mshipa wa fahamu ni kiungo hai, unahitaji damu kila dakika. Moyo unaisukuma damu kuingia jichoni, na msukumo wa ndani ya jicho unaipinga.

Fikiria mpira wa maji uliokanyagwa. Maji yakija na nguvu, yatapita hata kama kuna mguu juu yake. Nguvu ikipungua, mguu ule ule unatosha kuyazuia.

Kwa hiyo mshipa unaweza kukosa damu kwa njia mbili: presha ya jicho ikipanda, au presha ya damu ikishuka mno. Ndiyo maana wapo wanaopata glakoma wakati presha ya jicho iko kwenye kiwango cha kawaida.

Angalia usiku

Ukilala, presha ya damu hushuka yenyewe, kwa kawaida kwa asilimia 10 hadi 20. Wakati huo huo, presha ya jicho hupanda kidogo kwa sababu umelala chali. Sasa mtu mwenye glakoma akimeza dozi kubwa ya dawa za presha muda wa kulala, damu inaweza kushuka kupita kiasi, na jicho likakosa chakula chake gizani bila yeye kujua.

Usielewe vibaya: USIACHE dawa za presha. Presha ikiachwa juu inaharibu mishipa ya damu ya jicho, moyo, figo na ubongo. Unachotakiwa ni kumwambia daktari kwamba una glakoma, aangalie dozi na saa ya kumeza.

Kisukari nacho kimo

Kisukari kisipodhibitiwa huziba mishipa midogo ya jicho. Jicho likikosa hewa, linaotesha mishipa mipya iliyo dhaifu, ambayo huenda ikaziba njia ya kutokea maji. Hapo presha ya jicho hupanda sana, na mara nyingi jicho linauma na kuwa jekundu. Hiyo ni dharura, usisubiri kesho.

Ufanye nini?

- Ukifika miaka 40, pima macho hata kama unaona vizuri. Kama mzazi, kaka au dada yako ana glakoma, anza mapema zaidi.
- Ukiwa Mwanga au Ujiji, anzia kituo cha afya cha karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, uulize mtaalamu wa macho. Omba apime presha ya jicho na aangalie mshipa wa nyuma.
- Mtajie daktari wa macho dawa zako zote. Matone ya timolol, yanayotumika sana kwa glakoma, yanaweza kupunguza mapigo ya moyo na kumbana kifua mwenye pumu.
- Ukitia tone, fumba jicho na ubonyeze kona ya karibu na pua kwa dakika mbili hivi. Dawa itabaki jichoni badala ya kuingia mwilini.
- Usinunue matone ya macho kiholela. Yenye steroidi, yakitumika muda mrefu, yanaweza kupandisha presha ya jicho.
- Acha sigara, fanya mazoezi, dhibiti sukari. Mishipa ya jicho ni sehemu ya mishipa ya mwili mzima.

Kilichopotea kwa glakoma hakirudi, iwe kwa miwani, matone au upasuaji. Matibabu yanalinda kile kilichobaki. Kwa hiyo safari ijayo ukienda kupima presha ya mkono, uliza na ya jicho.