Kodi ya Mtambo: Nani Abebe Gharama za Kazi ya Nyumbani?



Tangu janga la UVIKO-19 la mwaka 2020, watu wengi wamefanyia kazi za ofisi nyumbani mwao, wakajiuliza: umeme, intaneti na kompyuta vilipwe na nani? Swali hilo si geni. Lilipata kuulizwa nchini Uingereza katika karne ya 19, na jibu lake lilichelewa mno.

Katika wilaya za Nottingham, Leicester na Derby, soksi zilifumwa kwa mitambo ya mkono. Kufikia mwaka 1844 ilikuwapo mitambo takriban 48,000, mingi ikiwa majumbani mwa wafumaji au katika vibanda vidogo. Mfumaji hakumudu kuununua mtambo. Aliukodi kwa tajiri aliyempa nyuzi, na kodi hiyo ilikatwa katika ujira wake kila wiki. Sindano, mafuta, mishumaa na makaa ya kupasha chumba joto vilikuwa pia juu yake. Mkewe alishona soksi, nao watoto walizungusha nyuzi.

Ubaya mkubwa ulikuwa huu: kodi ilidaiwa kamili hata katika wiki yenye kazi ya siku tatu tu. Kwa hiyo ilimfaa tajiri kuigawa kazi chache kwa mitambo mingi. Tuseme ilikuwapo kazi ya kutosha mitambo kumi. Akiigawa kwa kumi na mitano, alipokea kodi kumi na tano, ilhali kila mfumaji alirudi na ujira pungufu. Gharama ikishambebesha mnyonge, mwenye nguvu hana tena sababu ya kuipunguza.

Mwaka 1843 maelfu ya wafumaji walipeleka malalamiko Bungeni. Tume iliundwa, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1845. Hata hivyo, sheria ya kupiga marufuku ukataji wa kodi hiyo ilipitishwa mwaka 1874, wakati viwanda vya mvuke vilikwisha kuanza kuwaondoa wafumaji majumbani.

Yawezekana mtu akasema: anayefanya kazi kwake hupata nafuu, kwani halipi nauli, na yu karibu na watoto wake. Ni kweli. Lakini nafuu hiyo haigeuzi mshumaa unaomwangazia tajiri kazi yake kuwa mshumaa wa familia. Wala haitoshi kusema kwamba mfumaji alikubali. Katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, Papa Leo XIII alifundisha kwamba makubaliano pekee hayaufanyi ujira kuwa wa haki, maana mhitaji hukubali kwa kulazimika.

Mwaka 1996, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 177 kuhusu kazi za nyumbani. Pendekezo Namba 184 lililoambatana nao lasema wafanyakazi hao wafidiwe gharama za nishati, maji, mawasiliano na matengenezo ya vifaa. Nchi zilizouridhia mkataba huo ni chache.

Wahenga walisema, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Anayevuna faida ya kazi hana budi kuzibeba gharama zake, hata kama kazi hiyo inafanyika chini ya paa la mwingine. Basi kila mmoja wetu aliyempa mtu kazi ya kufanyia nyumbani, iwe ya cherehani au ya kompyuta, ajiulize: je, taa inayowaka usiku kwa ajili yangu, nani anailipia?