Milele Ilidumu Miaka 7

Wasee, juzi nilikuwa manyatta moja ya watalii huku Kajiado. Van inashusha wazungu, morani wanaruka, watu wananunua shanga, nusu saa kwaheri. Hata mimi nilitoa simu kwanza.

Sasa skiza. 1904 Waingereza waliwatoa Wamaasai Bonde la Ufa, wakawaachia Laikipia na huku kusini. Mkataba ulisema ni yao maadamu Wamaasai wapo duniani. Miaka 7 tu, 1911, wakahamishwa Laikipia pia. 1913 wakaenda korti. Korti ikasema huo ni mkataba wa mataifa mawili, haiwezi kuuamua. Wakashindwa hivyo tu.

Ploti zetu za Kitengela ziko kwa hiyo ardhi waliyobakishiwa. Siku nyingine kabla ya picha, nitauliza wazee wao walitoka wapi.