Samaki wa Ghuba ya Mnazi huhesabiwaje?

HIFADHI ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, mkoani Mtwara, ilianzishwa mwaka 2000 ikiwa na eneo la takriban kilometa za mraba 650.

Samaki wake hawahesabiki mmoja mmoja. Mtaalamu huanza na matokeo, yaani kilo zilizopimwa dikoni, kisha hurudi nyuma kukokotoa waliobaki majini.

Hesabu hiyo ya kinyume ina mtego. Kilo zikipungua, huenda samaki wamepungua, au upepo wa kusi umewazuia wavuvi kutoka. Takwimu za uzito pekee hukubaliana na majibu yote mawili. Hivyo sharti ziandikwe pia idadi ya wavuvi, zana na siku za kuvua. Pasipo hayo, mvuvi aweza kufungiwa bahari bure, au samaki kumalizika bila kujulikana.