Daftari la Subaru: Gari Moja la Mtumba na Ada ya Shule, Kampala 2009–2021

Chanzo kikuu cha insha hii ni daftari moja la jalada gumu, kurasa 96, lile ambalo kila mwanafunzi wa Uganda huliita kauntabuku. Pembe zake zimelowa oili na kurasa za mwanzo zimeanza kushikana. Mwenyewe alikuwa mjomba wangu, dereva wa malori kati ya Mombasa na Kampala kwa zaidi ya miaka ishirini. Humo aliandika kila kilichofanyiwa gari lake, Subaru Impreza WRX ya mwaka 1999, tangu alipolinunua Machi 2009 hadi Aprili 2021, miezi miwili kabla ya kufariki. Aliandika kwa Kiswahili, lugha aliyojifunza barabarani na si darasani. Kwa hiyo familia ilipokutana mwaka jana kuamua hatima ya gari, daftari nilisukumiwa mimi: "Wewe si ndiye unasomea hicho Kiswahili? Tusomee."

Swali lililokuwa mezani lilikuwa dogo, lakini lilikuwa limegawanya nyumba. Mkaza mjomba anashikilia kwamba gari lile lilikula ada yangu ya muhula wa pili mwaka 2017, nilipokuwa Senior 3, nikakaa nyumbani wiki tatu huku wenzangu wakiendelea. Ndugu za marehemu wanasema hiyo ni chuki ya mke kwa gari, na kwamba liwekwe kama kumbukumbu. Mimi ndiye niliyekaa nyumbani, na sikuwahi kuambiwa sababu. Nakiri basi kwamba mtafiti hapa si mtu wa kando.

Kwanza, kwa nini dereva wa lori atamani gari la namna hii? Jibu linaanzia mwaka 1953. Mwaka huo yalifanyika mashindano ya kwanza ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakajulikana kama Safari Rally. Mwaka huohuo, huko Japani, iliundwa kampuni ya Fuji Heavy Industries kutokana na mabaki ya kiwanda cha ndege za kivita cha Nakajima. Magari yake yakaitwa Subaru. Subaru ni jina la Kijapani la kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia, na nembo yake ina nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Wanafunzi wa Kiswahili wenzangu hawahitaji kuelezwa kwamba Kilimia limetokana na kulima, kwa kuwa wakulima walizitumia nyota hizo kujua majira ya kupanda. Mjomba hakulijua hilo, na nasikitika sikulijua mapema nikamwambia, kwa sababu gari lenyewe alilinunua kwa kuuza ekari moja na nusu ya shamba la kahawa.

Impreza ilitoka mwaka 1992. Ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Mjomba alisimulia mara nyingi kwamba mwaka 1998, akiwa na lori lake katika Bonde la Ufa, alimwona McRae akipita na Subaru ya buluu yenye ringi za dhahabu akielekea kushinda. Hapa simulizi na rekodi zinagombana: mshindi wa 1998 alikuwa Burns, na alikuwa ndani ya Mitsubishi. Huenda mjomba alikosea mwaka, au aliona gari akajiongezea ushindi. Kwa insha yangu makosa hayo hayapunguzi kitu, maana yanaonyesha alichokitaka. Tena hakuwa peke yake. Mwaka 1999, mwaka ambao gari lake lilitengenezwa, Charles Muhangi, Mganda mwenzetu, alitwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za magari, na vijana wengi wa Kampala wakaanza kuota kelele za eksozi.

Ndoto hiyo isingefika uani kwetu bila sheria za nchi mbili. Japani, gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ukaguzi huo ni ghali. Wenye magari wengi huona heri kuyauza kabla hayajazeeka. Kwa kuwa Wajapani huendesha kushoto kama Uganda, Kenya na Tanzania, magari hayo hutufaa bila kubadilishwa usukani. (Wenzetu wa Rwanda na Burundi, mnaoendesha kulia, hapo mna hadithi nyingine.) Kwa upande wetu, baada ya serikali kuruhusu maduka ya kubadilisha fedha mwaka 1990, mtu wa kawaida aliweza kupata dola bila kupiga magoti ofisini, na biashara ya mitumba ya magari ikafunguka. Kenya ilizuia magari yaliyozidi miaka minane. Uganda haikuweka kikomo hadi mwaka 2018, ilipokataza kuingiza yaliyofikisha miaka 15. Gari la mjomba lilikuwa la miaka kumi alipolikuta kwenye bondi. Alilipa shilingi milioni 16 na nusu. Mistari ya kwanza ya daftari haina furaha yoyote: "Nimenunua. Km 61,000. Tairi mbili ni kipara."

Ile 61,000 ndiyo tarakimu iliyoleta balaa, kwa hiyo nitatua hapo.

Injini ya gari hili ina silinda nne zilizolala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, na tabo juu yake. Kubadilisha plagi tu ni kazi ya kuingiza mkono mahali ambapo mkono hauingii. Iliundwa kwa petroli bora ya Japani, ambayo ya vituo vyetu haifiki, na injini ya tabo ikipewa mafuta dhaifu huanza kugonga hadi pistoni zikavunjika kingo. Mjomba alilijua hilo kwa masikio. Mwaka 2010 aliandika: "Inagonga mlimani. Nimeambiwa nisikanyage." Gari la kukanyaga, na ushauri ni usikanyage! Kurasa zinazofuata ni za klachi, giaboksi ambayo gia yake ya tatu ilisagika mara mbili, mabomba ya rejeta, na safari zisizohesabika za Soko la Kisekka kutafuta spea. Fundi wake alikuwa mtu wa Kisumu aliyehamia Kampala, na ninaamini daftari lilibaki la Kiswahili kwa sababu wawili hao walilisoma pamoja. Kuna mahali mwandiko unabadilika na fundi anamjibu: "Si feki, ni ya mtumba, kuna tofauti." Mwaka 2011 kuna anasa pekee: rangi ya buluu na ringi nne za dhahabu.

Kati ya Agosti na Novemba 2013 karatasi mbili zimekatwa kwa wembe. Hakuna anayejua kwa nini, au hakuna anayesema.

Sasa mkanda wa taimingi. Mkanda huu huunganisha mzunguko wa pistoni na wa valvu. Ukikatika injini ikizunguka, pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na mjomba aliandika wazi kwenye jalada la ndani: "Mkanda, ikifika 100,000." Aliamini saa ya gari. Lakini mkanda ni mpira, na mpira huzeeka kwa miaka hata gari likisimama. Tena kurudisha nyuma tarakimu za magari ya mtumba ni mchezo wa zamani. Sina ushahidi kwamba ya gari lake zilirudishwa, ila hakuna ukurasa unaoonyesha kwamba alijiuliza. Tarehe 14 Mei 2017, ikisoma kilomita 97,400: "Mabira. Mkanda umekatika. Injini kimya. Nimevutwa na lori."

Hapo ndipo nilipoacha kusoma kwa sauti mbele ya familia, nikaomba muda.

Kwa utulivu, mfuatano wake ni huu. Tarehe 28 Aprili, ukurasa wa kushoto, ameandika: "Ada ya mtoto 580,000 imewekwa." Tarehe 19 Mei: "Fundi, valvu na gasketi, malipo ya kwanza 1,000,000." Muhula ulifunguliwa nikiwa nyumbani. Mkaza mjomba hakusema uongo, na kwa hilo nilisimama nikamwambia mbele ya shemeji zake.

Lakini daftari haliishii hapo. Tarehe 9 Juni kuna mstari mmoja: "Ringi 4 zimeuzwa, 900,000." Mkaza mjomba alishtuka. Kwa miaka yote alijua ringi ziliibwa gereji, maana ndivyo alivyoambiwa. Alinyanyuka, akaleta kopo la biskuti anamohifadhia stakabadhi zetu zote za shule. Stakabadhi yangu ya muhula ule ni ya tarehe 13 Juni.

Ndugu za marehemu walipiga makofi, wakaona kesi imekwisha. Mimi sikuona hivyo. Mhadhiri wetu wa mbinu za utafiti hurudia kwamba ukaribu wa tarehe si uthibitisho, na tarehe 20 Juni fundi alilipwa tena 800,000. Fedha hazina alama. Inawezekana ringi zililipa ada na mshahara ukalipa fundi. Inawezekana kinyume. Mjomba, aliyeandika hadi bei ya balbu, siku ile hakuandika fedha zilikwenda wapi. Nilimuuliza mkaza mjomba anaamini lipi. Aliishika ile stakabadhi kitambo, akasema, "Angeniambia tu ameziuza."

Nilijumlisha daftari zima. Bila petroli, matengenezo ya miaka kumi na miwili yalifika shilingi milioni 31, karibu mara mbili ya bei ya kununulia, na kurasa zilizokatwa hazimo katika hesabu. Wapo watakaosema huo ni upumbavu wa maskini kuiga matajiri. Mimi naona pia kwamba zaidi ya nusu ya fedha hizo ziliingia mikononi mwa mafundi na wauza spea wa Kampala, watu ambao historia za mbio za magari hazijawataja hata kwa mstari mmoja, ingawa bila wao magari yale yangekufa mwaka wa pili.

Gari liliuzwa Februari. Mnunuzi, kijana wa rika langu, alifungua boneti akauliza swali moja tu: mkanda ulibadilishwa lini? Nilimsomea ukurasa. Akaomba auziwe na daftari. Mkaza mjomba alikataa, akanituma nikalitoe nakala, shilingi mia kwa ukurasa, mnunuzi alipe mwenyewe. Alilipa. Aliliondoa gari likiwa kwenye ringi za chuma za kawaida, akipanda kilima polepole, bila kukanyaga.