Nafasi za shule hupangwa mtoto akiwa angali mchanga

SERIKALI ilipofuta karo katika shule za msingi za umma Januari 2003, idadi ya wanafunzi nchini Kenya ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Madarasa, madawati na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo, na shule nyingi, zikiwemo zilizoendeshwa na Baraza la Jiji la Nairobi, zilifurika.

Mpango wa nafasi huanza na hesabu ya watoto. Vizazi vinavyosajiliwa mwaka huu huonyesha watakaojiunga na chekechea baada ya miaka minne, na Gredi ya Kwanza baada ya sita. Hesabu hiyo hulinganishwa na takwimu za sensa, kisha huongezwa familia zinazohamia katika mitaa mipya. Kiwanja cha shule kisipotengwa mapema, nyumba humaliza ardhi yote.

Katiba ya 2010 iligawa majukumu hayo. Serikali za kaunti, zilizochukua nafasi ya mabaraza mwaka wa 2013, husimamia chekechea, ilhali shule za msingi zimo mikononi mwa serikali kuu. Bodi za Elimu za Kaunti, zilizobuniwa chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, zina wajibu wa kuratibu mipango ya elimu mashinani.

Hivyo basi, sajili ya chekechea ndiyo inayobashiri madarasa ya msingi yatakayohitajika karibuni. Isipowafikia wanaojenga, mtoto humaliza chekechea na kukosa dawati karibu na kwao.