Elizabeth Bagaya (mwigizaji)

Elizabeth Bagaya (alizaliwa 1936) ni binti wa mfalme wa Toro, mwanasheria, mwanamitindo na mwanadiplomasia wa Uganda. Katika filamu alipita kwa muda mfupi tu. Alisoma Gayaza, kaskazini mwa Kampala, kisha Cambridge, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupokewa kuwa wakili Uingereza.

Baada ya miaka ya mitindo London na New York alimwigiza Clara katika filamu ya 1971 iliyotokana na riwaya mbili za Chinua Achebe. Siasa ikamchukua: mwaka 1974 Idi Amin alimteua waziri wa mambo ya nje, akamfukuza mwaka huohuo.

Anayekumbukwa zaidi na mashabiki wa filamu za ajabuajabu ni yule mganga wa *Sheena* (1984), iliyopigwa Kenya na John Guillermin. Humo anamlea yatima wa Kizungu, anamfundisha kuita wanyama kwa akili, na huponya majeruhi kwa kuwafukia ardhini wakiwa hai, tukio linalokaribia filamu za kutisha kuliko kitu kingine chochote humo. Wahakiki waliicheka, iliteuliwa mara tano kwa tuzo za Razzie. Hata hivyo Bagaya, kwa utulivu wake, anaonekana kama aliyeingia kutoka filamu nyingine, iliyo bora zaidi. Mwaka 1986 alikwenda Washington kama balozi.