Sheria za hewa safi: nani anawajibika, na mkaazi ana haki gani?

Mkaazi akilalamikia moshi wa kiwanda au taka zinazochomwa karibu na nyumba yake, huambiwa aende NEMA. Akifika NEMA, huenda akaambiwa aende kaunti. Akizungushwa hivyo, moshi uko pale pale na watoto wanauvuta. Ni vyema basi tujue sheria yenyewe inasemaje.

Nani anasimamia hewa

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jadweli ya Nne imeweka udhibiti wa uchafuzi wa hewa miongoni mwa kazi za kaunti. NEMA, iliyoundwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, hutoa leseni na kukagua viwanda. Kanuni za Ubora wa Hewa za 2014 ziliweka viwango vya moshi, vumbi na gesi. Kwa hivyo kaunti na NEMA zote zina jukumu.

Upande wa magari, Kenya iliachana na petroli yenye risasi mwaka 2006. Tangu 2015 dizeli haifai kuzidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni, na gari kuukuu la zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini.

Yaliyotokea Owino Uhuru

Risasi ilipotoka kwenye petroli, ilitufikia hapa Mombasa kwa njia nyingine. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya mtaa wa Owino Uhuru, Jomvu. Moshi na maji yake machafu yaliingia majumbani. Watoto walipatikana na risasi damuni, na wengine wakafa. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na ambaye mwanawe aliathirika, aliongoza wakaazi kudai haki. Kiwanda kilifungwa 2014.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha fidia hiyo 2023, lakini Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Waliotwikwa lawama ni pamoja na NEMA yenyewe. Sheria ilikuwako tangu 1999. Kilichokosekana ni msimamizi wa kuitekeleza.

Mkaazi afanye nini

Andika malalamiko kwa NEMA na kwa idara ya mazingira ya kaunti, yote mawili, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Wasipochukua hatua, kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani, na huhitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyedhurika.

Hilo la mwisho tulishike sana. Wa Owino Uhuru walishinda baada ya kuzika. Sheria haikutaka tungoje mpaka hapo.